Kasa asiingie wavuni: mwongozo kwa manahodha na matajiri wa vyombo, Dar es Salaam

Kasa mkubwa akiingia usiku kwenye jarife, ule wavu wa macho makubwa, hatulii. Anajipindua, anajifunga, anazidi kuuvuta wavu upande wake, na alfajiri mnapoanza kuvuta mnakuta kipande kizima kimesokotwa, risasi za kuzamishia wavu zimekatika, macho yamechanika na samaki hakuna. Siku hiyo mnada wa samaki wa Feri hamwendi na kitu cha maana. Mnashinda kivulini Kunduchi au Kimbiji mkishona nyavu. Uzi ni gharama ya tajiri, yaani mwenye chombo, lakini siku iliyopotea ni ya kila mtu aliyekuwa chomboni.

Nimeanza na hasara kwa makusudi. Habari za kasa huletwa pwani na watu wa semina kama jambo la huruma. Mvuvi anasikiliza kwa adabu, anakula wali wa semina, kesho yake anatega palepale. Mimi naliona ni jambo la kazi kwanza. Huruma ikifuata, vizuri, lakini nyavu nzima, muda mchache wa kushona na samaki wabichi ni sababu tosha ya kumkwepa kasa. Na ukweli ambao wauza vifaa hawapendi kuusema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji kununua chochote. Inahitaji kujua unatega wapi na unauacha wavu majini muda gani.

Kwanza tuelewane ni nyavu zipi

Jarife ndilo linaloongoza kwa ubaya. Ni wavu wa macho makubwa, unategwa chini kwa ajili ya papa, taa na samaki wengine wakubwa, na kwa kawaida unalala majini usiku kucha. Macho yake yanapitisha kichwa na pezi la kasa bila shida, kisha hayamwachii. Nyavu za kuelea zinazotafuta nguru na jodari zinafuata. Ringi, wavu wa kuzungushia dagaa, inawazingira kasa lakini mara nyingi haiwaui, na nitaeleza kwa nini. Dhulumati, ile kamba ndefu yenye ndoana nyingi, ina matatizo yake ya ndoana. Meli zinazovua kamba wa baharini kwa nyavu za kukokota zina dawa yake mahususi inayojulikana dunia nzima.

Kokoro, wavu wa kukokotwa kuelekea ufukweni, sitaligusa. Limepigwa marufuku, na kumfundisha mtu kuvuta kokoro kwa upole itakuwa kichekesho.

Hatua ya 1: Ichore bahari yako

Nahodha aliyekaa miaka kadhaa Msasani, Mbweni au Pemba Mnazi anajua kasa wanachomoza wapi kupumua. Tatizo ni kwamba ujuzi huo uko kichwani kwake tu na hautumiki wakati wa kuamua pa kutega. Keti na mabaharia wako jioni moja, mtoe daftari, mwandike kila sehemu ambayo kasa amewahi kunasa, kwa alama zenu za nchi kavu mlizozizoea au kwa ramani ya simu. Waulize pia wazee walioacha kwenda baharini. Mara nyingi utaona kwamba sehemu mbili tatu ndizo zinazojirudia.

Sehemu hizo hazijirudii kwa bahati mbaya. Katika maji ya Tanzania kuna aina 5 za kasa, lakini tunaokutana nao kila mara ni wawili. Kasa wa kijani anapokuwa mkubwa hula majani ya bahari, kwa hiyo penye uwanda wa majani, maji ya kina kidogo, ndipo malishoni kwake. Ng'amba yeye hula zaidi sifongo za miambani, kwa hiyo kando ya miamba na mafungu utamkuta. Ukitega jarife pembeni ya majani au kwenye ukingo wa mwamba, umeweka mlango katikati ya njia anayopita kila siku kwenda kula na kurudi kulala.

Kisha kuna fukwe za kutagia. Upande wa kusini wa Kigamboni, kuanzia huko Gezaulole hadi Kimbiji na kuendelea, kasa bado wanapanda kutaga. Hapa ndipo ningependa kila nahodha asome mara mbili. Jike halitagi mara moja likaenda zake. Linapanda, linataga mayai mia na zaidi, linarudi majini na kukaa jirani na ufukwe huo kama wiki mbili, kisha linapanda tena. Hufanya hivyo mara kadhaa kwa msimu mmoja. Muda wote huo liko hapohapo mbele ya ufukwe, limejaa mayai, linapumzika chini. Jarife lililotegwa mbele ya ufukwe wa aina hiyo linawanasa wazazi wenyewe, tena wale waliochukua miongo kufikia umri wa kuzaa. Kasa wa kijani anaweza kuhitaji miaka 20 hadi 50 kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, na inakadiriwa kwamba katika vifaranga elfu ni mmoja hivi anayefika huko. Ukimpoteza mama mmoja, hesabu yake ni ndefu.

Utagaji hapa kwetu huonekana mwaka mzima, ila hupamba moto tangu masika kuelekea kipupwe. Andika hilo pembeni ya ramani yako.

Jambo jingine la kuandika ni mipaka. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Humo hakutegwi kitu. Wapo wanaotega mstarini kabisa, wavu ukiegemea mpaka, kwa imani kwamba samaki hutoka nje usiku. Samaki hutoka kweli. Kasa naye hutoka.

Hatua ya 2: Hama, na kama huwezi kuhama, kaa na wavu wako

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote na ndiyo inayopingwa kuliko zote. Sogeza jarife kutoka kwenye majani na ukingo wa mwamba kwenda kwenye mchanga au tope, kina kikubwa zaidi kadiri chombo chako kinavyoruhusu. Miezi ya utagaji, acha kabisa kutega mbele ya fukwe zinazojulikana. Mtakaporudi mtalinganisha mavuno, na mara nyingine mtakuta mmepoteza kidogo. Sitamdanganya mtu kwamba kuhama hakuna gharama. Ila weka kwenye hesabu hiyo nyuzi na siku za kushona, kwa sababu wengi husahau kuzihesabu.

Usipoweza kuhama, punguza muda. Kasa anapumua hewa kama mimi na wewe. Akiwa ametulia anaweza kulala chini kwa saa kadhaa, lakini aliyenaswa anapigana, anamaliza hewa yake haraka, na saa moja inaweza kutosha kumzamisha. Nchini Marekani walichunguza nyavu za kukokota wakaona kwamba wavu ukivutwa kwa dakika 10 hivi karibu kasa wote hutoka hai, ukipita saa moja vifo vinapanda vibaya. Jarife linalolala majini tangu magharibi hadi alfajiri liko mbali sana na dakika 10.

Kwa vitendo, tega vipande vichache zaidi, ubaki navyo, na upite juu ya kamba ya maboya kila baada ya saa moja au mbili ukiwa na tochi. Boya lililozama au linalotikisika peke yake, nyanyua hapo uone. Mafuta yatatumika zaidi, ni kweli. Lakini samaki unayemtoa mapema anafika mnadani Feri akiwa mbichi, macho yanang'aa, hajaliwa na kaa wala kulainika, na bei yake unaijua mwenyewe. Tajiri anayelalamikia lita mbili tatu za petroli aoneshwe hilo kwa hesabu za wiki, siyo za usiku mmoja.

Mvutano kati ya nahodha na tajiri upo kila bandari. Tajiri halali baharini, anaona mafuta tu. Ushauri wangu ni kwamba mabadiliko haya yasemwe kabla msimu haujaanza, mezani, mbele ya mabaharia. Mambo haya yakisemwa baada ya usiku mbaya huonekana ni visingizio.

Hatua ya 3: Gusa wavu wenyewe

Yapo marekebisho ambayo fundi yeyote wa nyavu anaweza kuyafanya chini ya mwembe.

La kwanza, punguza kimo. Wavu mrefu wa kwenda juu unaoning'inia kama pazia humziba kasa njia nzima. Samaki wengi wa chini hukamatwa kwenye sehemu ya chini ya wavu, kwa hiyo kupunguza safu za macho juu hakukuumizi kama unavyodhani, na uzi unaobaki unafaa kwa viraka.

La pili, punguza maboya kwenye nyavu za kutega chini. Maboya mengi yananyanyua kamba ya juu na kuusimamisha wavu wote. Huko Baja California, Meksiko, walijaribu nyavu zilizoondolewa maboya, kasa walionaswa wakapungua kwa asilimia 68 na samaki waliokusudiwa hawakupungua sana. Sisemi utoe yote siku ya kwanza. Toa moja, acha moja, uone wavu unasimamaje.

La tatu, usiulegeze mno. Mafundi wetu hulishona jarife likiwa na ulegevu mwingi ili taa ajiviringishe humo. Ulegevu huohuo ndio unaomfunga kasa. Vilevile zile kamba fupi zinazounganisha kamba ya juu na ya chini ili wavu ufanye tumbo ziondoe, maana kasa akiingia kwenye lile tumbo hatoki.

Usibadilishe nyavu zote kwa mkupuo. Tenga vipande viwili au vitatu, uvirekebishe, uvitege pamoja na vile vya zamani, mahali pamoja, usiku mmoja. Andika kila kipande kilichopata nini. Baada ya mwezi hutahitaji kuambiwa na mtu yeyote wa semina kama jambo lina faida au halina, daftari litasema. Na ukiona vipande vipya havileti samaki, virudishe ulivyovifanya na ujaribu marekebisho mengine. Hakuna aliyekuapisha.

Wavu uliochakaa usitupe baharini. Unaendelea kuvua bila mwenyewe, na kasa ni miongoni mwa wanaoshikwa nao.

Hatua ya 4: Taa ndogo kwenye kamba ya juu

Hapa nakwenda taratibu, maana jambo hili limeanza kuzungumzwa sana na watu wanadhani ni muujiza.

Katika ghuba ya Sechura, Peru, wavuvi wadogo wanaotumia nyavu za kutega chini walifunga taa ndogo za kijani, za betri, kila baada ya mita 10 kwenye kamba ya maboya. Kasa wa kijani walionaswa walipungua kwa karibu asilimia 64, na samaki waliokusudiwa hawakupungua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Meksiko nako wamejaribu aina za sola, zile za kuwaka na kuzima.

Mvuvi wa Dar atauliza hapo hapo: mbona sisi tunawasha karabai ili dagaa waje? Swali zuri. Taa ya karabai inamulika maji kutoka juu na kukusanya viumbe wadogo wanaofuatwa na dagaa. Taa ya kwenye jarife ni hafifu, iko majini, na inaonekana kazi yake ni kumwonesha kasa kwamba mbele kuna kitu. Kasa haoni uzi wa nailoni gizani. Akiuona wavu, anapinda.

Ukitaka kujaribu, nunua taa zinazostahimili kina unachotega, si zile za kuchezea zinazoingia maji pima ya tatu. Zifunge kwa kamba fupi pande mbili zisizungukezunguke, na uzikague kila mnapovuta. Bei ndiyo kikwazo, na wizi ni kikwazo cha pili. Kwa mtu mmoja mwenye vipande vingi, hazinunuliki. Kwa kikundi, kupitia BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ufukwe) ya eneo lenu au mradi wa utafiti, zinawezekana, na taasisi kama TAFIRI, ile ya utafiti wa uvuvi, pale Kunduchi ndizo za kuulizwa. Ila kuufungia taa wavu ambao bado umeutega katikati ya majani ya bahari ni kazi ya nusu. Hama kwanza.

Hatua ya 5: Vitu vya kuwa navyo chomboni

Havizidi mfuko mmoja: kisu kikali chenye ncha butu au mkasi mkubwa, gunia mbili za katani au mataulo makuukuu, gurudumu la zamani la gari dogo, daftari ndani ya mfuko wa nailoni, tochi. Kwa wenye dhulumati, kikata uzi chenye mpini mrefu na kitoa ndoana. Gurudumu ni la kumwekea kasa juu yake asitambae sitahani. Atakaa hapo mapezi yakiwa hewani, hawezi kwenda popote.

Hatua ya 6: Amenasa, bado mzima

Zima papara. Mtu mmoja aongoze, wengine wavute polepole, injini iwe huru. Kasa akionekana chini ya maji, mleteni ubavuni mwa chombo bila kumkokota kwa wavu uliokaza shingo au pezi.

Mkubwa msimpandishe. Kasa wa kijani aliyekomaa anapita kilo 100, na katika ngalawa atawapindua. Mkateni majini. Mdogo anapandishwa kwa kushika gamba, mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine juu ya mkia. Kamwe si kwa mapezi, maana viungo vyake vinateguka. Na mikono iwe mbali na mdomo, hana meno lakini taya zake zinavunja kome.

Sasa uzi. Mara nyingi umezunguka pezi la mbele, kwapani, mizunguko kadhaa, umeingia kwenye ngozi hadi huuoni vizuri. Mfunike macho kwa gunia lenye maji, atatulia. Tafuta mahali uzi unapovuka kutoka kwenye pezi kwenda wavuni, kata hapo kwanza ili aachane na uzito wa wavu. Halafu ingiza ncha butu ya mkasi chini ya mzunguko mmoja, kuelekea nje, ukate, uufungue kinyume na ulivyojizungusha, kisha mzunguko unaofuata. Usivute. Uzi ukivutwa unakata ndani. Hakikisha umemaliza wote, pamoja na ule ulio shingoni, kwa sababu pete moja ya nailoni iliyobaki itaendelea kukaza kadiri anavyokua mpaka pezi lioze.

Mvuvi anachokiogopa hapa ni kuharibu wavu. Kata macho kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka juu kwenda chini, macho yanayohitajika tu, na jioni fundi atayashona kwa muda mfupi. Wavu uliopasuliwa ovyo kila upande ndio unaochukua siku nzima.

Akiwa anasukuma mapezi kwa nguvu na kunyanyua kichwa kupumua, mwachieni. Injini iwe huru, nyavu zote ziwe mbali, ashushwe taratibu kwa nyuma ya chombo, kichwa kitangulie. Subirini aondoke ndipo mtie gea. Msimtupe.

Hatua ya 7: Amelegea, mnadhani amekufa

Hapa ndipo kasa wengi wanapotea bure. Kasa aliyekunywa maji anaweza kulala kama maiti, hapumui kwa namna unayoiona, mapezi yamelegea, na bado yu hai. Akitupwa baharini katika hali hiyo anazama na kufa kweli.

Mwekeni kwa tumbo, mgongo juu. Ile desturi ya kumgeuza chali na kumbonyeza kifuani iacheni, haimsaidii. Nyanyueni sehemu ya nyuma ya mwili wake angalau sentimita 15, kwa kuingiza ubao, koili la kamba au lile gurudumu chini ya gamba la nyuma. Maji yaliyoingia mapafuni yanahitaji kuteremka kuelekea mdomoni. Kadiri kasa alivyo mkubwa, nyanyueni zaidi.

Kila baada ya muda mtikiseni polepole ubavu hadi ubavu: mtu anashika ukingo wa gamba upande mmoja, anainua sentimita 8 hivi, anashusha, kisha upande wa pili. Mtaona maji yakichuruzika mdomoni na puani, wakati mwingine na povu. Hiyo ni dalili nzuri.

Mfunikeni kwa gunia la katani lenye maji kichwani, mgongoni na mapezini, ila pua isizibwe. Kivuli kiwepo. Jua la saa sita kwenye sitaha ya faiba linaua hata kasa mzima. Msimtie kwenye beseni au tangi la maji kwa kufikiri mnamsaidia, atazama humohumo.

Mara kwa mara mguseni taratibu pembeni ya jicho, au mfinyeni mkia. Akikunja jicho au kuvuta mkia, yumo. Endeleeni. Inaweza kuchukua saa 4, inaweza kuchukua hadi saa 24. Najua hakuna chombo cha dagaa kitakachomsubiri mtu saa 24, lakini wengi huamka kabla ya hapo, na kama mnarudi pwani mnaweza kumkabidhi kwa BMU au afisa uvuvi akiwa amefunikwa vilevile. Akishapata nguvu na kupumua vizuri, mwachieni kama nilivyoeleza hapo juu.

Hatua ya 8: Amekufa kweli

Haliwi, hauzwi, hapewi mtu. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua, kumiliki na kuuza kasa, na hilo linajulikana. Lakini ipo sababu kubwa zaidi kuliko faini. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupika, na hakuna dawa yake ya kuitoa mwilini. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine makumi walilazwa. Nyama haioneshi kwa rangi wala harufu kama ina sumu. Wale wanaosema "sisi tumekula tangu babu" wanasema kweli, na Pemba nao walikuwa wakila tangu babu.

Andikeni, pigeni picha, mtoe taarifa.

Kwa wenye ringi, dhulumati na meli

Ringi: kabla hamjavuta kamba ya chini kufunga, mtu mmoja atazame juu ya maji ndani ya duara. Kasa akiwa humo atachomoza kupumua, kwa sababu wavu bado haujamfunga. Zamisheni maboya upande mmoja kwa sekunde chache atoke, au mchoteni kwa wavu wa mkono. Dagaa watakaotoka naye ni wachache.

Dhulumati: ndoana za duara huwaumiza kasa kidogo kuliko zile za kunyooka, maana hazimezwi hadi tumboni kwa urahisi, na chambo cha samaki huwavuta kasa kidogo kuliko ngisi. Kasa akiwa amemeza ndoana ndani, msivute uzi. Ukateni karibu na mdomo kadiri mnavyoweza. Kwa vyombo vinavyovua jodari bahari kuu, azimio la 12/04 la Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi linadai kubeba kikata uzi na kitoa ndoana na kutoa taarifa za kasa, na azimio la 17/07 limepiga marufuku nyavu za kuelea zinazozidi kilomita 2.5 hata ndani ya ukanda wa uchumi wa nchi, kuanzia Januari 2022.

Meli za kamba: kifaa cha kumtolea kasa ni fremu ya nondo inayofungwa kwa kulala ndani ya shingo ya wavu wa kukokota, nafasi kati ya nondo zisizidi sentimita 10, pembe kati ya nyuzi 30 na 55, na mlango wa kutokea juu au chini. Kamba wanapita, kasa anateleza hadi mlangoni. Kikifungwa sawasawa kinawatoa kasa 97 kwa kila 100. Marekani tangu sheria yake ya 1989 hainunui kamba waliovuliwa kwa njia inayoua kasa kutoka nchi zisizothibitishwa. Manahodha wanaolalamika kwamba kinapoteza kamba mara nyingi wamekifunga kikiwa kimesimama mno, mwani unaziba nondo, na mlango unabaki wazi. Kirekebishwe pembe, wala mlango usishonwe.

Daftari, na alama za chuma

Andikeni kila kasa, aliye hai na aliyekufa: tarehe, mahali, kina kwa pima, aina ya wavu, wavu ulikaa muda gani, aina ya kasa kama mnaijua, alitoka vipi. Kwenye daftari la pamoja la BMU, ningependekeza jina la nahodha lisiandikwe. Wengi hawasemi kwa kuogopa kwamba aliyeripoti kasa aliyekufa atageuzwa mshitakiwa, na daftari lenye majina litabaki jeupe. Mjadiliane na afisa uvuvi wenu mapema jinsi taarifa itakavyopokelewa, mkubaliane, kisha mwatangazie wavuvi makubaliano hayo.

Mkikuta kasa mwenye kipande cha chuma au plastiki kwenye pezi, hiyo ni alama ya watafiti. Kasa wa Comoro na Mayotte wamefuatiliwa kwa setelaiti wakija kula majani kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, kwa hiyo aliye wavuni mwako huko Mbutu anaweza kuwa ametoka mbali. Akiwa hai, alama isitolewe. Pigeni picha pande zote mbili, andikeni namba pamoja na herufi zake, na anuani iliyochongwa upande wa pili, kisha mzipeleke BMU au kwa shirika la Sea Sense, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likifuatilia kasa wa pwani hii likiwa hapahapa Dar. Akiwa amekufa, itoeni alama na kuikabidhi yenyewe.